Daftari la Python likikatika mtandao: usiwashe upya kabla hujajua kilichokatika

Umetembea mpaka kwenye mwinuko nyuma ya shule, mahali pekee kijijini ambapo simu hushika vizuri. Bando la siku limebakiza saa tatu. Umeandika mistari yako ya Python, programu inapitia rekodi za mvua za miaka kumi, na ghafla alama ya kuunganishwa inapotea. Duara linazunguka tu. Unabonyeza hiki, unabonyeza kile, unafunga ukurasa na kuufungua tena. Ukirudi, hesabu yote ya asubuhi imekwenda.

Wapo vijana wanaojifunza kuandika programu kwa simu ambao safari yao huishia hapo. Hujiambia kwamba kazi hii ni ya watu wa mjini wenye kompyuta na intaneti ya waya, wanazima simu na kurudi shambani. Jambo ambalo hawakuambiwa ni hili: mara nyingi mtandao unapokatika, kazi yako bado ipo na bado inaendelea. Kinachoiangamiza ni kule kubonyeza kwa haraka kunakofuata.

Makala hii inaeleza kwa nini iko hivyo, na hatua za kufuata kabla hujagusa kitufe chochote cha kuwasha upya.

Daftari hili ni la namna gani?

Wanaoandika programu kwa lugha ya Python, hasa za kuchambua takwimu, hutumia sana kitu kinachoitwa daftari. Ni ukurasa wa intaneti wenye visanduku. Unaandika mistari michache kwenye kisanduku, unabonyeza alama ya kuendesha, na jibu linatokea hapo chini yake: namba, jedwali au mchoro. Kisha unaendelea na kisanduku kinachofuata.

Mwanzo wa daftari hili ni kazi ya Fernando Pérez, mwanafizikia mzaliwa wa Colombia, aliyeanza mradi wa IPython mwaka 2001 alipokuwa bado mwanafunzi Marekani. Mwaka 2014 mradi huo ulizaa mwingine, Jupyter, jina linalotokana na lugha tatu za programu: Julia, Python na R. Programu yenyewe ni ya bure. Google nayo ina daftari lake la namna hiyo, Colab, ambalo lilifunguliwa kwa umma mwaka 2017. Mwenye simu na akaunti ya Google anaweza kulitumia bila kulipa, na ndiyo sababu limekuwa mlango wa kwanza kwa wengi wasio na kompyuta.

Vitu vitatu, si kimoja

Ukitazama skrini, daftari linaonekana kitu kimoja. Kumbe ni vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja.

Cha kwanza ni ukurasa ulioufungua kwenye simu yako. Huo ni karatasi tu: unaonyesha ulichoandika na majibu yaliyokuja. Cha pili ni njia, yaani bando lako, mnara wa simu, nyaya za nchi kavu na za chini ya bahari. Cha tatu ni injini, ambayo mafundi huiita keneli. Hiyo ndiyo inayokokotoa, nayo kwa Colab haiko kwenye simu yako. Iko kwenye kompyuta ya Google, mbali sana na kijiji chako. Kila unachokihesabu, kila jina ulilolipa thamani, kimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya injini hiyo.

Ifikirie redio. Betri ya redio yako ikiisha katikati ya taarifa ya habari, mtangazaji hanyamazi studio. Anaendelea kusoma, ila wewe ndiye usiyemsikia. Daftari nalo ni hivyo. Mtandao ukikatika kwa dakika mbili, injini haijui wala haijali. Inaendelea na kazi uliyoipa, ikisubiri ukurasa wako urudi.

Tofauti na redio ni kwamba hapa mazungumzo ni ya pande mbili. Ukurasa na injini hushikilia njia moja iliyo wazi muda wote, kama simu iliyopigwa na haijakatwa. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kungoja mtandao urudi, kisha ukaenda. Njia ya daftari ikikatika, ni lazima iunganishwe upya. Ndiyo maana unaweza kuwa unapokea ujumbe vizuri huku daftari likikwambia halijaunganishwa.

Njia yenyewe ni ndefu. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine wakabaki na intaneti ya kusuasua au bila intaneti kabisa. Siku kama hiyo, hata simu yenye vijiti vyote vya mtandao haifiki kwenye injini, na hakuna kitufe cha kwenye simu kitakachosaidia.

Basi swali la kwanza daftari likigoma ni hili: kati ya ukurasa, njia na injini, kipi kimeharibika?

Hatua ya kwanza: okoa ulichoandika

Kabla ya kupima chochote, kumbuka kwamba mistari uliyoandika baada ya mtandao kukatika huenda bado haijahifadhiwa popote. Ipo kwenye ukurasa wa simu tu. Ukipakia ukurasa upya wakati huo, inaweza kupotea.

Kwa hiyo bonyeza na kushikilia kidole kwenye kisanduku ulichokuwa unaandika, chagua maandishi yote, yanakili, kisha yabandike kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu ndani ya simu. Ni kazi ya nusu dakika. Sasa hata ukurasa ukifungwa, jasho lako lipo.

Hatua ya pili: pima njia

Fungua ukurasa mwingine wa intaneti, mwepisi, ambao hujawahi kuufungua siku hiyo. Usipime kwa WhatsApp wala Facebook, na sababu ni moja ambayo huwachanganya wengi: mabando mengine ni ya mitandao ya kijamii pekee. Bando la kawaida likiisha huku la mitandao ya kijamii likibaki, utaendelea kuzungumza na marafiki na kudhani intaneti ipo, kumbe kwa daftari haipo. Angalia salio la bando kwanza.

Ukurasa huo ukikataa kufunguka na bando lipo, washa hali ya ndege, hesabu hadi kumi, kisha izime. Simu itatafuta mnara upya.

Je, ulipokea simu muda huo? Kama simu yako au mtandao wako hauna huduma ya kupiga simu kupitia 4G, kila simu inayoingia hukushusha kwenye 3G au 2G. Ukiangukia 2G, data inaweza kusimama mpaka mazungumzo yaishe, na njia ya daftari ikakatika. Hakuna kilichoharibika. Maliza mazungumzo, subiri alama ya 4G au 3G irudi.

Kuhama pia hukata njia. Ukitoka Wi-Fi ya shule na kuingia kwenye data ya simu, anwani ya simu yako kwenye intaneti hubadilika, na mazungumzo ya zamani na injini hufa. Ni lazima yaanzishwe mengine.

Jambo jingine dogo linalosahaulika ni tarehe na saa. Simu ya zamani iliyozima kabisa kwa kuishiwa chaji inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Tovuti salama hukagua tarehe kabla ya kukubali kuzungumza nawe. Tarehe ikiwa si sahihi, zitakukatalia hata kama mtandao ni mzuri. Weka simu ijipatie saa yenyewe kutoka kwenye mtandao.

Hatua ya tatu: kagua ukurasa na kivinjari

Njia ikiwa nzima na daftari bado limegoma, tazama kivinjari unachotumia. Vivinjari vya kubana data, kama Opera Mini katika hali yake ya kubana sana, huupitisha ukurasa kwanza kwenye kompyuta zao na kukuletea picha yake nyepesi. Kwa kusoma habari ni jambo zuri. Kwa daftari haifai, kwa sababu ile njia iliyo wazi muda wote haiwezi kupita humo. Tumia Chrome au Firefox. Kama una programu ya VPN ya bure, izime ujaribu tena.

Kisha kuna simu yenyewe. Ukiacha daftari na kwenda kutazama video, mfumo wa Android unaweza kuugandisha ukurasa ili kuokoa betri na kumbukumbu, na njia ikakatika bila wewe kuambiwa. Hali ya kuokoa betri huzidisha tabia hiyo. Programu ikiwa inaendelea, acha ukurasa wa daftari mbele, au zima hali hiyo kwa muda.

Usifungue daftari lile lile kwenye simu mbili, au kurasa mbili za simu moja. Kila upande utataka kuhifadhi toleo lake, na Colab itakutolea onyo kwamba kuhifadhi kumeshindikana kwa sababu faili limebadilishwa mahali pengine. Hilo linafanana na tatizo la mtandao, lakini si la mtandao.

Hatua ya nne: uliza injini kama bado inakukumbuka

Sasa mtandao umerudi na ukurasa umeunganishwa. Pengine umebonyeza neno Reconnect lililo juu ya ukurasa. Kabla hujaanza kuendesha kila kitu upya, jua kama injini ni ile ile ya mwanzo au ni mpya.

Kila kisanduku kina mabano ya mraba kando yake. Kikishaendeshwa, ndani ya mabano huingia namba ya zamu yake. Ongeza kisanduku kipya, andika humo jina moja ulilokuwa umelipa thamani, kwa mfano mvua, kisha kiendeshe. Kama ulikuwa umefika zamu ya 14 na sasa unaona 15, na jibu limetokea, injini ni ile ile. Kumbukumbu ipo yote. Endelea na kazi. Kama kisanduku kinasubiri bila kujibu, huenda injini bado inakamilisha kazi ya mwanzo na wewe umo kwenye foleni. Subiri.

Lakini ukiona namba 1, na chini yake kosa la NameError linalosema jina hilo halijulikani, basi ile injini ya kwanza imezimwa na umepewa nyingine isiyojua lolote. Hapo ndipo inapobidi kuendesha visanduku vyote tangu juu. Mistari yako haijapotea, kilichopotea ni majibu yaliyokuwa kwenye kumbukumbu.

Injini huzimwa kwa sababu gani? Colab ya bure huzima injini iliyokaa bila kazi, na hata yenye kazi haiwezi kuendelea zaidi ya saa 12, pengine chini ya hapo kutegemea matumizi. Sababu nyingine ni kujaza kumbukumbu. Ukipakia jedwali kubwa mno, ujumbe utakwambia kwamba injini imeanguka baada ya kumaliza RAM yote. Hapo usiulaumu mnara wa simu. Punguza data, isome kwa mafungu.

Sasa unaona kwa nini tumesema usiwashe upya kwanza. Chaguo la Restart session hufuta kumbukumbu ya injini hata kama ilikuwa nzima. Disconnect and delete runtime huenda mbali zaidi: huifuta injini pamoja na mafaili yote uliyoyaweka ndani yake. Mtu aliyekatika mtandao kwa dakika moja, akabonyeza hayo kwa hasira, amejipokonya mwenyewe kazi ambayo mtandao haukuipokonya.

Andika kazi isiyoogopa kukatika

Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo aanike mahindi ndani. Kwenye mtandao wa kijijini, kukatika ni jambo la kawaida, hivyo kazi ipangwe ikijua hilo.

Kwanza, hifadhi majibu nje ya injini. Kwenye Colab, mistari hii miwili hufungua Google Drive yako ndani ya daftari:

from google.colab import drive
drive.mount('/content/drive')

Baada ya kutoa ruhusa, faili utakaloandika ndani ya folda ya MyDrive litabaki hata injini ikifutwa. Faili lililowekwa nje ya hapo hufutika pamoja na injini.

Pili, kama kazi ina mizunguko mingi, usingoje imalizike yote ndipo uhifadhi. Kama ni miaka kumi ya mvua, hifadhi jibu la kila mwaka linapopatikana. Na programu ianze kwa kuangalia miaka ipi imeshahifadhiwa, ili ikirudi iendelee pale ilipoachia.

Tatu, panga visanduku vyako viweze kuendeshwa kuanzia juu hadi chini bila kurukaruka. Hapo kuanza upya ni kubonyeza Run all mara moja, kisha kuweka simu chini.

Nne, kwa kazi ndefu kuna daftari la tovuti ya Kaggle, ambayo nayo ni mali ya Google. Lina chaguo la kuhifadhi toleo na kuendesha yote. Ukilichagua, kompyuta zao hufanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho bila kuhitaji ukurasa wako uwe wazi. Unaweza kuzima simu, ukaenda kisimani, ukarudi kuchukua jibu.

Bando lako linaliwa na nini?

Watu wengi huogopa daftari wakidhani linakula bando kama video. Mistari ya programu ni maandishi, na maandishi ni mepesi. Kizito ni kufungua ukurasa wenyewe mara ya kwanza, michoro mingi, na mafaili unayoyapandisha kutoka kwenye simu.

Hapa kuna siri inayookoa fedha. Ukiiambia injini ya Colab ipakue faili kutoka kwenye tovuti fulani, faili hilo haliji kwenye simu yako. Linatoka kwenye tovuti hiyo moja kwa moja hadi kwenye kompyuta ya Google. Injini inaweza kupakua GB 1 ya data huku bando lako likiguswa kidogo tu, kwa ajili ya kuonyesha mistari michache ya majibu. Kwa hiyo usipakue jedwali kubwa kwenye simu kisha ulipandishe tena. Utalipa mara mbili kwa kitu ambacho hukuhitaji kukilipia hata mara moja. Na ukitaka kuona jedwali, onyesha mistari mitano ya kwanza, si elfu tano.

Kama mtandao haupo kabisa

Injini inaweza pia kukaa karibu nawe. Programu ya Pydroid 3 huendesha Python ndani ya simu ya Android bila intaneti, baada ya kuipakua mara moja. Haitafanya kazi nzito, lakini masomo ya mwanzo yote inayaweza.

Shule yenye kompyuta moja inaweza kusanikisha Jupyter humo na kuwaruhusu wanafunzi waiingie kwa simu zao kupitia Wi-Fi ya ndani, bila bando hata moja. Hapo matatizo mawili hujirudia. La kwanza ni anwani. Jupyter ikiwaka huonyesha anwani yenye neno localhost na namba 8888. Neno hilo maana yake ni mashine hii hii. Ukiliandika kwenye simu, simu inajitafuta yenyewe na haipati kitu. Kompyuta iwashwe kwa amri ya jupyter lab --ip=0.0.0.0, kisha kwenye simu iandikwe anwani ya kompyuta kwenye Wi-Fi hiyo, mara nyingi inayoanza na 192.168, ikifuatiwa na :8888. La pili ni ukuta wa ulinzi wa Windows, ambao huzuia wageni mpaka uuruhusu. Na neno la siri lisiondolewe: anayeingia kwenye daftari hilo anaweza kuendesha chochote kwenye kompyuta ya shule.

Siku nyingine daftari likigoma pale kwenye mwinuko, iweke simu chini kwanza uvute pumzi. Nakili ulichoandika. Pima njia. Kagua kivinjari. Kisha iulize injini, kwa kisanduku kimoja tu, kama bado inakukumbuka. Mara nyingi itakujibu kwa namba inayofuata, na utaendelea pale pale ulipoishia.